Gari Lililochemka Mlangoni kwa Mama

Siku ile umeme ulikatika asubuhi, mama akiwa hajamaliza uji wake. Mashine ya oksijeni iliyokuwa kando ya kiti chake ililia mlio mmoja mrefu, kisha ikanyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza nayo. Kwa siku kadhaa tulikuwa tumeishi na ngurumo yake hadi tukaacha kuisikia, na sasa kukosekana kwake ndiko kulikosikika.

Mama alikuwa ametoka hospitali na mapafu yaliyochoka baada ya nimonia. Kule hospitali oksijeni ilipatikana kwa saa zile tu jenereta yao iliponguruma, kwa hiyo daktari alituazima mashine ndogo ili mama akae nyumbani, kwa kuwa umeme wa mtaa wetu ulikuwa haukatiki ovyo. "Anaweza kukaa kidogo bila hii kitu," aliniambia akinifundisha kuiwasha, "lakini musijaribu kujua ni kidogo namna gani."

Tulianza kujua asubuhi ile. Nilitazama kucha zake kwanza, kisha midomo. Kazi yangu ni redio. Nimezoea kuuliza na kuandika majibu, lakini midomo ya mama inapobadilika rangi hakuna wa kuulizwa. Grupe yetu, yaani jenereta, ilikuwa imekufa tangu mvua kubwa, na kipuri chake kilikuwa ndani ya treni ya kutoka Lubumbashi ambayo hata watu wa stesheni hawakujua imelala wapi. Jirani alituletea ya kwake, ndogo, ya taa na televisheni. Tulipoiunganisha na mashine ilishusha sauti, ikakohoa, ikazimika.

Aliyetutoa pale alikuwa mjomba, mdogo wake mama. Alikuwa ameingia alfajiri kutoka Kabondo-Dianda na samaki wa kuuza, na gari lake lilikuwa bado limesimama barabarani. Ni gari dogo la Kijapani ambalo viti vyake vya nyuma viling'olewa zamani ili kupata nafasi ya vitunga na friza. Friza hiyo huendeshwa na kisanduku kinachochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama ule wa ukutani.

"Yaya," alimwambia mama, yaani dada mkubwa, "minyi naleta gari mupaka hapa ku mulango. Tunatosha friza, tunatia masini yako. Motere ikitembea, batri haitaisha."

"Njo kusema nitapumua na kitu ya samaki?" Mama alitoa maneno machache machache, akikatiza katikati kutafuta hewa.

"Samaki haijalalamika hata moja."

"Italalamika namna gani? Imekufa."

Tuliitoa friza garini. Nyaya za kisanduku zilikuwa fupi, kwa hiyo mjomba aliingiza gari uani, akalisogeza pua mbele mpaka karibu liguse kizingiti, mkia ukielekea barabarani ili moshi usiingie ndani. Tulipitisha waya chini ya pazia la mlango. Kiti cha mama kilikuwa hatua chache nyuma ya pazia hilo, na hatukutaka kumhamisha. Mjomba aliwasha injini, akabana kijiti kwenye pedali ili ingurume kidogo zaidi ya kawaida. Mashine ikalia, ikaanza kazi. Nilichuchumaa mbele ya mama mpaka nikaona rangi ikirudi midomoni.

Nilipotoka nje, mjomba alikuwa amekaa kwenye usukani akila muhogo wa kuchoma. Nilichungulia dirishani mwake kwa mazoea tu, kama ninavyochungulia kila mahali. Mshale wa joto la maji ulikuwa umepita katikati.

"Mujomba, hii mushale iko napanda?"

"Inapanda kidogo. Itasimama."

Haukusimama. Alipomaliza muhogo, mshale ulikuwa unakaribia alama nyekundu, na harufu ya maji yaliyochemka ilianza kutoka chini ya boneti. Alizima injini haraka. Ndani, mashine iliendelea kwa nguvu ya betri peke yake, na kwa muda mfupi tulidhani tunaweza kupumzisha gari hivyo, kuzima na kuwasha. Kisha kisanduku kikaanza kulia pi, pi, pi, kikionya kwamba betri inaisha. Mjomba akarudi kwenye ufunguo. Injini ilizunguka kwa uzito, kama mtu anayeamshwa kwa nguvu, ikasita, ikashika. Tulitazamana. Mshale ukaanza tena kupanda.

"Ku njia haikupata moto," alisema. "Kutoka Kabondo mupaka hapa, mushale ililala pa kati. Nakuapia."

Nilimkimbilia fundi wa magari anayekaa nyuma ya kanisa. Alizaliwa kule kambi ya jeshi, baba yake akiwa askari aliyehamishiwa hapa Kamina kutoka mkoa wa Ekwateri, na kazi aliijifunzia kwenye malori ya jeshi. Alikuja na vifaa vyake ndani ya mfuko wa unga.

"Umeniletea mutoto ya soda?" mjomba aliniuliza, akimaanisha mtoto wa askari. "Hii gari haiko ya vita."

"Papa," fundi alijibu akifungua boneti, "hii gari imepiganaka vita mingi kupita baba yangu."

Kitu cha kwanza alichotaka ni injini izimwe, ipoe, ndipo afungue kifuniko cha maji. Nilimwambia haiwezekani. Nilimwonyesha waya uliotoka kwenye betri, akaufuata kwa macho mpaka ulipopotea chini ya pazia, na kutoka huko akasikia mashine na pumzi ya mtu. Alivua kofia.

"Mama, jambo."

"Jambo, mwana," mama akajibu kutoka ndani.

Fundi alirudisha kofia kichwani. "Basi tutatafuta hivihivi, motere ikiwa nawaka."

Sijawahi kuona mtu akichunguza kitu kwa tahadhari namna ile. Alilowesha kitambaa, akashika bomba la juu linalopeleka maji ya moto kwenye radiatere, yale mapezi ya mbele yanayopoza maji, halafu akashika bomba la chini linaloyarudisha kwenye injini. Yote mawili yalikuwa yanaunguza.

"Mayi iko nazunguka," alisema. "Pompe iko muzima. Kalorstat?"

"Nilitosha kitambo," mjomba akajibu kwa fahari. Kalorstat ni kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, na madereva wa huku hukiondoa siku ileile wanaponunua gari, wakisema jua letu linatosha.

Fundi alitazama chupa ya maji ya akiba. Alisema kama pale juu pa injini pameungua, gesi ingekuwa inapenya ndani ya maji nayo yangetoa povu. Hayakutoa povu. Akaniomba maji, nikaleta ndoo kutoka kisimani, akamwagia mapezi kutoka pembeni. Maji yalipita safi upande wa pili, hakuna matope, hakuna mbegu za majani. Mshale ulishuka kidogo. Alipoacha kumwaga, ukapanda.

"Ventilatere?" mjomba aliuliza, kisha akajijibu. "Iko nazunguka."

"Nasikia," fundi akasema.

Sote tulisikia. Feni ile ilikuwa na sauti kubwa kupita injini yenyewe, na ndiyo iliyompa mjomba imani. Alieleza kwamba fundi umeme mmoja wa Bukama aliiunganisha moja kwa moja na ufunguo, bila kupitia kifaa cha kupima joto, hivyo gari likiwashwa tu, feni nayo inazunguka. Madereva wengi wa njia ile wamefanya hivyo.

Fundi aliweka mikono kiunoni. Kisha akasema kinachobaki ni radiatere kuziba ndani, pale ambapo jicho halifiki. Itabidi ishushwe, ifunguliwe, isafishwe.

"Kazi ya wakati gani?" niliuliza.

"Mupaka mangaribi. Na motere imezimika."

"Na masini ya mama?"

Fundi akageukia betri. Mjomba ndiye aliyesema, bila kututazama, "Batri hii ukiizimishia tena, haitawakisha kitu. Uliisikia vile ililia?"

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Injini ikiendelea itaungua, ikizimwa haitawaka, na vyovyote vile mwisho wake ulikuwa nyuma ya pazia. Nilichukua ndoo nikarudi kisimani, kwa sababu lilikuwa jambo pekee lililokuwa bado na faida. Fundi alimwaga, mjomba alitazama mshale, mimi nilivuta maji. Kila ndoo ilitununulia muda mfupi kuliko ile iliyotangulia.

"Papa," fundi akasema ghafla, "ulisema ku njia haipate moto?"

"Hata kidogo."

"Basi tutie mama ndani, na masini yake, tutembee naye. Tuzunguke mu cité mupaka kuran irudi." Alitaka tuzunguke naye mitaani mpaka umeme urudi.

Mama alikuwa anasikia kila neno. "Minyi haiko kitunga," alisema.

Hakuna aliyecheka. Wazo lenyewe lilikuwa na maana. Lakini gari halikuwa na viti vya nyuma. Ingebidi alale juu ya bati pale ilipokuwa friza, katika mashimo ya barabara zetu, na mafuta yaliyobaki hayakuwa mengi. Na kumnyanyua tu kulitosha kumkatisha pumzi. Tulikubaliana hivyohivyo. Mjomba akaanza kutafuta godoro, nami nikaingia ndani kumtayarisha.

Nilipoinama kumvalisha viatu, alinisukuma mkono kidogo.

"Funga kwanza ule mulango," alisema. "Tangu asubuhi ile gari iko nanipulizia upepo ya moto ku miguu."

"Ni moto ya motere, mama."

"Moto haina kupuliza. Angaria rido."

Nilitazama. Pazia la mlango halikuwa limening'inia. Lilikuwa limeingia ndani, limejaa, pindo lake likiwa hewani, na lilikaa hivyo bila kurudi. Kupitia upenyo wa pembeni niliona uani nguo zetu kwenye kamba, zimenyooka, hata leso moja haikutikisika. Siku ile haikuwa na upepo.

Nililiinua pazia. Hewa ya moto ilinipiga tumboni, ikitoka katikati ya taa mbili za gari.

"Fundi," niliita, "mbele ya gari inavuta upepo ao inatosha ku inje?"

"Inavuta. Ventilatere iko nyuma ya radiatere. Inavuta upepo ya mbele, inapitisha mu radiatere, inatupa ku motere."

"Hii inapuliza."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa maji yanapanda mlima. Alikuja upande wangu, akanyoosha kiganja mbele ya gari, akakiacha hapo. Kisha akanivua kitambaa nilichokuwa nimejifunga kichwani, akakishika kwa ncha mbili mbele ya mapezi. Kilipaswa kunaswa na gari. Badala yake kiliruka nyuma kikamfunika kifua.

Tangu asubuhi alikuwa amesimama pembeni, akifanya kazi kati ya taa na gurudumu ili asizuie waya, na sote tulikuwa tumesikiliza feni bila kuuliza inazunguka kuelekea wapi.

"Papa," alisema polepole, akionyesha nyaya za feni, "nani aligusa hizi nsinga?"

Mjomba alikuwa ameshika godoro kifuani. Aliliweka chini.

Kwenye njia ya Kabondo-Dianda, wakati wa mvua, kuna mahali ambapo kijito huhama na kupita juu ya barabara. Dereva anayejua njia hasogei majini na feni inayozunguka, kwa sababu mabapa yake huyarusha maji juu ya injini na gari hufa katikati. Hushuka, hufungua boneti, hutenganisha nyaya za feni, huvuka polepole, na ng'ambo huziunganisha tena. Magari mengine yana plagi inayoingia upande mmoja tu, huwezi kukosea. La mjomba lilikuwa na nyaya mbili alizofungiwa Bukama, ncha wazi zilizosokotwa na kuzungushiwa utepe.

"Nilitosha, nikapita mu mayi, nikarudisha," alisema.

"Ya wapi ku wapi?"

"Yote mbili iko nyeusi."

Fundi aliziba macho kwa kiganja, akakiondoa. Barabarani, alieleza, upepo wa mwendo huingia kwa nguvu na kuishinda feni, kwa hiyo mjomba hakuona kitu. Na kila aliposimama kuuza samaki alizima gari. Lakini hapa mlangoni, tangu asubuhi, feni ilikuwa inachukua joto la injini yenyewe na kulirudisha kwenye maji.

"Zimisha tupindue," mjomba alisema, kisha akakumbuka. "Hapana. Hapana zimisha."

"Nitafanya ikiwa nawaka," fundi akasema.

"Weye hapana. Nsinga ni yangu, minyi njo najua kwenye nilizificha."

Walibishana kwa macho tu. Mwishowe fundi akachukua ndoo, nami nikaketi kwenye usukani nisome mshale kwa sauti. Mjomba alipitisha mkono kati ya bomba la moto na mabapa yanayozunguka, akatafuta kwa vidole. Nilimwona kupitia upenyo wa boneti, shavu lake likiwa karibu na chuma, macho amefumba.

"Inapanda," nilisema.

Aliachanisha nyaya. Cheche ziliruka, feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Sauti tuliyoitegemea asubuhi nzima ikatoweka, na kwa mara ya kwanza nikasikia injini yenyewe: ilikuwa inagonga.

"Iko pa nyekundu."

"Mwaga," mjomba akasema. Fundi akamwaga. Mvuke ukainuka ukawafunika wote wawili, na sikuona tena mkono wala uso. Nilisikia mjomba akivuta hewa kwa meno. Mkono wake ulikuwa umeegemea bomba. Hakuutoa.

"Imepita nyekundu, mujomba."

"Ngoja."

"Mujomba."

"Nimesema ngoja, mwana."

Cheche nyingine. Kisha feni ikaanza tena, kwa sauti ambayo masikio yangu hayakuweza kuitofautisha na ya kwanza. Lakini mvuke, uliokuwa umetanda mpaka mlangoni, uligeuka wote kwa pamoja ukarudi ndani ya gari, na nyuma yake nikaona pazia la mlango limeshuka, limetulia.

Mshale ulibaki pale ulipokuwa. Fundi aliendelea kumwaga maji kidogo kidogo kwenye mapezi. Nilikuwa nimeacha kusoma kwa sauti kwa sababu hakukuwa na kitu kipya cha kusema, na walidhani nimenyamaza kwa ubaya.

"Sema," mjomba akasema.

"Haipande."

"Haipande, ao inashuka?"

Nilisubiri mpaka niwe na hakika. "Inashuka."

Ulishuka mpaka katikati, ukakaa. Fundi alizungusha utepe kwenye nyaya, akaufunga waya wa juu kwa uzi mwekundu wa alama alioutoa kwenye mfuko wake wa unga. Mjomba alitia mkono ndani ya ndoo na kuuacha humo. Ngozi ya kifundo cha mkono ilikuwa imevimba.

"Gari ya vita," fundi akamwambia.

"Nyamaza, soda."

Hatukuzima. Mchana ule wote gari lilinguruma mlangoni, na mjomba hakutoka kwenye usukani ila mara moja, kwenda kutafuta mafuta kwa jirani huku mimi nikishika nafasi yake. Fundi alienda kwa wateja wake, akarudi, akaweka kiganja mbele ya gari, akaenda tena. Kila nilipoingia ndani mama alikuwa anapumua kwa mdundo uleule, macho nusu wazi, akisikiliza injini kama mtu anayesikiliza watoto wakicheza nje ili ajue wako wapi.

Jua lilipoanza kulegea, taa ya baraza iliwaka. Hakuna aliyeshangilia. Nilichomoa waya wa mashine kutoka kwenye kisanduku. Mashine ikalia, mama akanikazia macho. Nikauchomeka ukutani, mashine ikanguruma. Nilienda nje kumwambia mjomba.

"Acha kwanza," alisema. "Kuran ya hapa, haiko ya kuamini. Inaweza kurudi kutusalimia tu."

Akakaa, mkono mmoja kwenye ufunguo, akitazama taa ya baraza badala ya mshale. Ilikuwa bado inawaka majirani walipoanza kupika. Kisha mama akaniita.

"Muambie azimishe. Nashindwa kulala na ile makelele."

Nilipeleka ujumbe.

"Yee mwenyewe njo amesema?"

"Yee mwenyewe."

Alizungusha ufunguo. Ukimya ulikuwa mkubwa, na sote wawili tukageukia mlango, tukisikiliza mpaka tukaipata ngurumo ndogo ya mashine huko ndani. Mjomba alivua viatu, akapita chini ya pazia, akasimama mbele ya dada yake. Alikuwa hajalala tangu Kabondo-Dianda. Aliketi sakafuni kando ya kiti, akaegemea ukuta, mkono uliovimba juu ya goti, na kabla mama hajafumba macho yeye alikuwa ameshalala.

"Muache hapo," mama akaniambia. "Ulete kitu ya kumufunika."